Taarifa Iliyopokelewa kwa Makofi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza maisha Endagikot na jembe la kuazima, darasa la nne sikumaliza, na leo nina mashine tatu za kusaga hapa Katesh na Fuso mbili zinazobeba vitunguu mpaka Singida. Nimeuziwa shamba na mtu ambaye halikuwa lake. Nimeuziwa giaboksi lililojazwa vumbi la mbao ili lisipige kelele. Kwa hiyo ukiniambia pesa ya mchango imeliwa, mimi huuliza tu imeliwa na nani, halafu namfuata.

Mchango ninaousema ulikuwa wa mke wa rafiki yangu. Rafiki huyu ni mfugaji wa huko chini mbugani. Nilipopata mitamba wangu wawili wa kwanza sikuwa na eneo la malisho, nikamkabidhi anichungie, kama tunavyofanya huku. Hatukuandikishana. Kila nilipoteremka kuwaona alinionyesha ndama mmoja mmoja, na ng'ombe akifa alinihifadhia ngozi. Kuna kipindi nilikaa muda mrefu bila kwenda, nikakuta ngozi mbili zimekauka juu ya paa lake, zinanisubiri mimi. Nikamwambia ungeziuza tu, mbona nakuamini. Akasema kumwamini ni shauri langu. Shauri lake yeye ni kwamba nione.

Mkewe akaota uvimbe kwenye taya. Walidhani ni jino. Alikunywa dawa za miti weee, mwisho akapandishwa basi kwenda hospitali ya Haydom, na daktari akawaambia uvimbe unaweza kukatwa ila wasichelewe. Gharama yote, pamoja na kulazwa, ingefika milioni mbili. Ukame ulikuwa umemwachia rafiki yangu ng'ombe wachache, mifupa mitupu, mnadani hakuna aliyewaulizia bei. Akaja kwangu na mkewe, mama wa watu amejifunga kitenge usoni, macho tu ndiyo yanaonekana.

Pesa hiyo ningeweza kuitoa mwenyewe, sitaki kudanganya. Lakini mimi ni mtu wa watu. Nikaona jambo likibebwa na wengi, kesho atakayeugua naye atabebwa. Tukaunda kamati pale mtaani, mwenyekiti akawa mwalimu mstaafu ambaye kila mtu anamwamkia, na mimi nikawa mgeni rasmi. Nikatoa sharti moja, kwa sababu michango ya mtaa ule naijua: senti haitoki kwenda popote mpaka taarifa ya mapato na matumizi isomwe hadharani, watu wote wasikie. Sharti hilo niliweka mimi, na mpaka leo naona lilikuwa sharti zuri. Mwalimu alinishika mkono. Alisema wangepatikana watu kumi kama mimi, wilaya ingekuwa mbali.

Siku ya harambee ilipendeza. Kulikuwa na maturubai, spika, jenereta, na meza kuu yenye kitambaa cheupe. Kuku mmoja aliuzwa kwa mnada mara nne, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Shemeji yangu, yule mgonjwa, walimkalisha mbele kwenye kiti cha plastiki, apate kuonekana. Mimi nilitoa laki tano taslimu. Wengine wote wa meza kuu walitoa ahadi.

Baada ya hapo tukasubiri taarifa. Kamati ilikuwa inazunguka vijijini kufuata ahadi, ikirudi inakaa vikao. Nilimpigia mwalimu mara nyingi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, bosi wetu. Tunakamilisha risiti. Si ni wewe uliyetaka uwazi?"

Rafiki yangu naye alikuwa hapigi simu, anakuja mwenyewe kwa miguu, anakaa kwenye benchi la mashine mpaka nimalize wateja. Alikuwa ananiambia kitu kimoja tu, kwamba uvimbe umeanza kumzuia mkewe kumeza uji.

Siku ya kusoma ilipofika niliwahi, nikakaa mbele. Nilikuwa nimejiandaa kumkamata mtu. Mwalimu akavaa miwani akasoma. Zilipatikana milioni mbili na laki sita na arobaini elfu. Maturubai na viti, laki nne. Mbuzi wawili, mchele na soda, laki sita na ishirini. Spika na jenereta. Usafiri wa kamati kufuata ahadi. Posho za vikao. Fulana za kamati. Kila kitu kilikuwa na risiti, na risiti akazipitisha kwa watu zikaguliwe. Bakaa, laki tatu na elfu kumi. Akavua miwani akaomba taarifa ipokelewe kwa makofi.

Wakapiga makofi. Wamama waliotoa mahindi debe debe walipiga, vijana wa bodaboda walipiga. Na mimi nilipiga, kwa sababu mikono imezoea. Ukikaa meza za mbele miaka yote hii, ukisikia neno taarifa mikono inajiendea yenyewe.

Nikasimama. Nikauliza nani kala hii pesa.

"Kala nani tena, bosi?" mwalimu akasema, bila hasira. "Si yote imesomwa? Na yule mbuzi wa meza kuu ulimsifia mwenyewe, ukaongeza na paja."

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, siyo kwa sauti ndogo, "Laki tano tu, anataka atununue wote."

Nikakaa. Mwizi namfahamu, nimezoeana naye, najua anapojificha. Pale hapakuwa na aliyejificha. Walikula mchana kweupe, wakaandika, wakatusomea, na wenye pesa wakashukuru. Ningemshika nani? Ningeanza na mkono wa nani, na wangu umo?

Nilichukua bakaa, nikaongeza zangu mpaka zikatimia milioni mbili, nikawasha pikapu nikawapeleka Haydom mwenyewe. Daktari alimpima tena, akanivuta pembeni. Alikuwa kijana mpole. Alisema uvimbe umeshateremka kooni, kukata hakutamsaidia, warudi nyumbani na dawa ya maumivu. Pesa ilikuwa imejaa mfukoni kwenye koti, nzito, na hakuna dirisha lolote pale la kuilipia.

Nilitaka nisiingie wodini. Rafiki yangu akanifuata nje akanishika kiwiko.

"Njoo umwone."

"Nimeshaambiwa na daktari, ndugu yangu."

"Kuambiwa siyo kuona. Watu wako walichanga. Lazima mmoja wao aone."

Akamfungua mkewe kile kitenge taratibu, kama alivyokuwa akinifunulia ngozi za ng'ombe wangu, upande huu, halafu upande huu. Shemeji hakufumba macho, alikuwa ananiangalia. Nikaona. Sitaandika nilichoona.

Aliishi nyumbani kwake mpaka mvua za kupandia. Mara nyingi nimefikiria kwenda kuwaambia wale watu wa mtaani nilichoona, na najua itakavyokuwa. Watasikitika kweli, mwalimu atasimama aseme maneno mazuri, na watapokea. Kadi ya harambee nyingine wameshaniletea, ya mtoto anayeumwa moyo. Mgeni rasmi ni mimi.

Ile bakaa iliishia kwenye kitanda na dripu. Zangu nilizoongeza nilirudi nazo karibu zote. Ukitaka kujua mimi nilitoka na ngapi, basi ni laki tano za mchango, mafuta ya pikapu elfu tisini na sita, dawa za maumivu laki moja arobaini na saba elfu na mia tano, na shuka la kumzikia elfu arobaini na tano. Jumla shilingi laki saba themanini na nane elfu na mia tano.