Ngozi Aliyoikata Mama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Dagoretti hapakuwa na kitu kinachoitwa takataka. Cucu, mama yake baba, hakukubali. Chungu kikivunjika, kigae chake kilitumika kubebea makaa. Kibuyu kikipasuka alikishona kwa uzi wa katani, kikarudi kazini kuwekewa mbegu. "Sisi hatukuzaliwa na duka mlangoni," alikuwa akisema huku akimtupia jicho mama, aliyekuwa karani katika ofisi moja kule Hurlingham na ambaye, eti, alitupa hata karatasi ya sukari.

Kitu kilichopita vyote kwa heshima kilikuwa ngozi moja ya mbuzi. Mama yake Cucu aliivaa kabla nguo za dukani hazijafika kwao. Pindo lilipochakaa ikapunguzwa, ikawa mbeleko ya kubebea watoto mgongoni. Cucu alibebwa humo, naye akawabebea humo baba na shangazi zangu, mwishowe nikabebwa mimi. Vile vipande vilivyopunguzwa navyo vikawa kamba za kuni na bawaba za milango. Hadithi hiyo tuliisikia mpaka tukaikariri.

Basi mama akashika mimba ya pili, mimi nikiwa darasa la pili. Jumamosi moja mlango wa banda la kuku ulining'inia, bawaba zimekatika. Cucu alikuwa kanisani, baba yuko kazini mjini. Mama akaitoa ile ngozi stoo, ikiwa imekauka na kuliwa na wadudu ukingoni, akakata vipande viwili, akavigongomea nami nikimshikilia mlango. Alikuwa na furaha, maskini. "Leo Cucu wako ataona amemwoza mwanawe mke wa maana," aliniambia.

Cucu aliporudi alisimama mbele ya banda, Biblia kwapani.

"Mama Njeri, umefanya nini?"

"Nimetengeneza mlango, mama. Si ni wewe husema wazee hawakutupa kitu?"

"Hawakutupa. Lakini ngozi iliyobeba mtoto haikatwi kama tumbo bado linazaa! Umemkatia mtoto mahali pake. Sasa akija atakaa wapi?"

Sharti hilo sikuwa nimelisikia hata siku moja, na mama pia. Katika hadithi zote zile, lenyewe liliachwa nje.

Dawa yake Cucu aliijua. Vipande vingeng'olewa, vilowekwe, vipakwe mafuta ya mbarika hadi vilainike, kisha avishone kwa mkono wake mwenyewe mpaka ngozi iwe nzima tena. Halafu mama afungwe mbeleko hiyo mgongoni ikiwa tupu. Kabla ya hapo asivuke geti. Baba, mtu wa tai na diploma, alimwambia mama, "Tumfurahishe tu mzee. Ni siku chache."

Siku chache gani! Ngozi kavu haina haraka, na macho ya Cucu yalikuwa yamechoka. Alishona kidogo, akapumzika, akaomba, akashona tena. Miguu ya mama ikavimba mpaka champali hazikuingia. Kliniki aliyotakiwa kwenda wiki hiyo hakwenda. Nilikuwa nafanya homuwaki mezani aliposema, "Baba Njeri, kichwa kinanigonga. Naona nyotanyota. Nipeleke hospitali, tafadhali."

"Vumilia kidogo tu, mpenzi. Mama amebakisha upande mmoja."

Aliisema kwa upole mno, na upole ule unanikera hadi leo. Afadhali angemfokea, pengine mama angekasirika akajiendea mwenyewe.

Kesho yake mchana Cucu alipomaliza, alimfunga mama ile ngozi mgongoni, akaanza kuomba. Mama hakufika kwenye amina. Alianguka sakafuni, mwili ukamtetemeka wote, na jirani akaitwa na pikapu yake. Nilipandishwa nyuma kwa sababu hapakuwa na wa kubaki nami. Huko hospitali muuguzi aliitazama miguu ya mama, akamgeukia baba: "Na mlikuwa mnangoja nini nyumbani?"

Mtoto alikuwa mvulana. Alizaliwa bila kulia.

Cucu alilia machozi ya kweli, sitamsingizia. Alikuwa amemtaka mjukuu yule kuliko sisi sote. Lakini katikati ya kilio alisema, "Nilisema mimi," na shangazi zangu wakalidaka, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mama hakushika mimba tena. Hilo nalo likahesabiwa kuwa kosa la kisu chake.

Siku hizi naishi Kileleshwa, na katikati ya jiji naona vikapu vya matambara na viatu vya matairi vikiuzwa ghali, watu wakisifu hekima ya wahenga wasiotupa kitu. Ni kweli, walijua kutengeneza. Nikisikia sifa hizo najikuta nimekunja uso.

Mwaka huu nina mimba mimi. Shangazi alipokuja kunitazama nyumbani kwa wazazi, alinishika tumbo akasema, "Wewe uliza kwanza kabla ya kukata chochote. Usije ukawa kama mama yako."

Nikalipuka. "Shangazi, mtoto yule aliuawa na kungoja! Mama alikuwa na presha. Angepelekwa siku aliyoomba, leo ningekuwa na ndugu mwenye ndevu."

Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Wacha, Njeri," alisema. "Ni mimi nilikata."

Nilimgeukia baba. Alikuwa ameketi pale pale kwenye kochi, amesikia kila neno, na ndiye mtu pekee aliyeweza kumtoa mama kwenye lawama ile. Aliomba aongezewe chai.