Mkungu wa Kalavati

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ujenzi ya halmashauri, hapa Tukuyu. Mbele yangu bibi mmoja kutoka Lufingo alichuchumaa, akasalimu, kisha akaweka mkungu wa ndizi mbivu juu ya meza ya mhandisi.

"Ndaga, baba," alishukuru kwa lugha ya kwetu. "Asante kwa kalavati la kijitoni kwetu. Mvua imenyesha na wajukuu wamevuka kwenda shule."

Mhandisi, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Tabora, aliusukuma mkungu kwa ncha za vidole. "Bibi, siruhusiwi kupokea. Watasema ni rushwa."

"Rushwa hutolewa kabla. Kalavati si limekwisha?"

"Hata hivyo, bibi."

"Basi nirudi nao Lufingo, nikawaambie wenzangu kwamba umetukataa?"

Huku kwetu, kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mwenyewe. Mhandisi alitutazama, akaubeba mkungu mpaka kwenye benchi letu.

"Ni wa wote," alisema. Akakwanyua ndizi moja, akaila amesimama mbele ya bibi mpaka ikaisha. Bibi akapiga makofi taratibu.

Siku hizi za soko huria, ambapo hata saini ina bei, nilifurahi kuona shukrani ikiingia ofisini mlango ukiwa wazi. Mimi nilikuwa nimekwenda kulalamikia choo cha soko. Nilikula, nikashukuru, kisha nikalalamika, ila kwa sauti ya chini kuliko niliyokuwa nimeiandaa.