Tahasusi Iliyosomewa Maulidi

Nilipofaulu kidato cha nne, mama alinisomea maulidi. Nasema mama, ingawa waliosoma ni wanaume wa msikiti wa kwetu na wanafunzi wa madrasa. Mwenye nadhiri alikuwa yeye. Siku nilipoandikishwa darasa la kwanza aliweka nadhiri kwamba mwanawe huyu akipata masomo ya udaktari, atachinja mbuzi na watu wataitwa. Matokeo yalipotoka, fomu yangu, kama alivyotaka mama, nilikuwa nimeshaijaza tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, chaguo la kwanza. Baiolojia nilipata A. Mama hakungoja hata nipangiwe shule. Mbuzi akachinjwa, pilau ikapikwa, shehe aliyenifundisha Kurani tangu juzuu ya kwanza akainua mikono kuniombea, na mtaa wetu wote pale Micheweni ukaitikia amin.

Tatizo ni kwamba PCB sikuitaka. Wala si jambo lililonijia ghafla baada ya shughuli. Nililijua kabla mbuzi hajachinjwa, na nyama yake nikaila vilevile.

Toka siku ile jina langu likawa Dokta. Bibi mmoja jirani alinisimamisha njiani, akapandisha kanga kidogo, akanionesha goti lililovimba. Nikamwambia, "Bibi, mie bado sijasoma."

"Si ushasomewa maulidi weye?" akasema. "Litazame tu."

Nikalitazama. Ningefanya nini?

Asiyepitia shule zetu pengine hajui uzito wa jambo hili. Ukimaliza kidato cha nne, unachagua masomo matatu ya kusoma kidato cha tano na cha sita. Serikali inayaita tahasusi, sisi tunasema kombi. Masomo hayo matatu ndiyo yanayoamua mlango gani wa chuo kikuu utakufungukia na upi utabaki umefungwa. Nasi tulikuwa na umri wa miaka kumi na saba, wengine hata nauli ya kwenda Chake Chake hatujawahi kujilipia.

Mimi ni mtu mbishi. Sioni haya kulisema, maana ubishi ndio ulionifikisha hapa nilipo, mwaka wa pili wa chuo. Somo nikilipenda, nagombana nalo. Hisabati nilikuwa nafuta jibu, naandika, nafuta tena, mpaka karatasi inatoboka. Katika Jiografia nilimuuliza mwalimu maswali mpaka akaniomba nimwachie dakika tano amalize kipindi. Lakini Baiolojia? Niliihifadhi yote, kuanzia jicho la panzi mpaka figo, nikaitapika kwenye karatasi ya mtihani, na haikunikosesha usingizi wala kunigombanisha na mtu. A yangu ile ilikuwa ya kumbukumbu nzuri tu.

Mambo yaliharibika, au yalitengemaa, katika ile miezi ya kungoja matokeo. Mama analima mwani, nami nilikuwa namsaidia. Kazi ya mwani hufanywa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na kuacha vigingi na kamba nje. Mama hana jedwali wala saa ya mkononi. Anahesabu siku za mwezi wa Kiislamu, kisha anasema, "Leo maji yatakuwa yamekupwa saa nne. Kesho, karibu na saa tano." Kwa ubishi wangu nikachukua daftari na simu, nikawa naandika: saa aliyoisema yeye, na saa maji yalipokupwa kweli. Nilitaka nimkamate.

Sikumkamata. Miezi miwili mizima sikumkamata hata siku moja, zaidi ya robo saa hapa na pale. Mama yangu, ambaye msahafu anausoma vizuri lakini herufi za shule anazisoma moja moja, alikuwa na hesabu kichwani ambayo mimi, mwenye kalamu, ilinichukua wiki nzima kuitafutia kanuni. Nilimwonea fahari mno, na nilijiona mjinga kidogo. Hapo ndipo nilipoitaka PGM: Fizikia, Jiografia na Hisabati. Nilitaka kusoma bahari.

Halafu ndiyo matokeo yakatoka, na maulidi yakasomwa kabla sijapata ujasiri wa kufungua mdomo.

Siku chache baada ya shughuli, mwalimu wa taaluma alitutumia ujumbe: wenye kutaka kubadilisha tahasusi wafike shuleni, mwisho Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Nilimwambia mama asubuhi ileile, tumeinama tunafunga mwani kwenye kamba, maji yakitufika kwenye vifundo vya miguu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alifunga fundo, akafunga la pili, akalikaza mpaka kitawi cha mwani kikakatika mkononi mwake.

"Watu washakula," akasema.

Ni hayo tu. Watu washakula, dua ishaombwa, amin ishaitikiwa. Mimi ni nani wa kuyarudisha? Baba nilipomfuata shambani, aliendelea kuchimba muhogo wake, akasema neno lake la siku zote katika mambo ya shule: "Mwulize mamako." Kutwa ile na siku ya pili yake mama alinisemesha kwa mambo ya lazima tu, chumvi iko wapi, kuku wamefungiwa. Nami nilinuna. Nakiri nilinuna kama mtoto wa chekechea, na nilikuwa na hofu kubwa, maana Ijumaa ilikuwa inakuja na bila ridhaa yake nisingekwenda.

Jumatano tukawa tena baharini, mimi na yeye, tumepeana migongo. Mara akaniuliza, bila kugeuka, "Kesho maji yatakupwa saa ngapi?"

Nikamtajia. Akasema, "Ndivyo. Saa naijua mie. Sababu siijui. Weye waijua?"

Nikasimama, nikamweleza nilivyoweza: mwezi unavuta maji, jua nalo linavuta, vikipangana kwenye mstari mmoja mvuto unazidi, ndiyo bamvua, vikipishana, maji yanakuwa mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Nikamweleza kwa nini kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana. Alisikiliza mpaka mwisho, na mama si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono.

"Haya. Kule nje mwambani maji hugeuka mapema, huku ndani ya ghuba yanachelewa. Na mwezi ni mmoja. Kwa nini?"

Nilitamani kubuni jibu. "Hilo sijui, mama," nikasema. "Ndilo nataka kwenda kulisoma."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza toka Jumatatu. Tulipofika nyumbani alikoga, akavaa buibui, akaniambia nimfuate kwa shehe.

Shehe tulimkuta barazani kwake. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, mama aliingia moja kwa moja. "Shehe, mwanangu hataki tena udaktari. Ataka kusoma mambo ya maji. Na sisi tushasoma maulidi. Ile dua yaweza kuhamishwa?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza hayo mambo ya maji ni yepi, nikamweleza, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Bi mkubwa," alimwambia mama, "siku ile mie nilimwomba Mwenyezi Mungu ampe elimu yenye manufaa. Herufi za kombi sikuzitaja."

"Na nadhiri?"

"Nadhiri yako ilikuwa akipata masomo ya udaktari. Sasa kaingia darasani? Kapangiwa shule? Umechinja kabla ya wakati. Nadhiri haikudai kitu. Yule mbuzi ni sadaka, Mungu akutakabalie."

"Yaani mbuzi wangu kaliwa bure?"

"Si bure. Hata mie nilikula," shehe akasema, na hapo ndipo alipocheka.

Njiani mama alimlalamikia yule mbuzi mpaka tunafika nyumbani. Nilijua tumeshamaliza. Mtu asiyekubali hulalamikia jambo lenyewe, si mbuzi.

Alhamisi tulikwenda shuleni. Ilikuwa mara ya kwanza mama kuingia ofisi ya walimu. Mwalimu wa taaluma alimpa kiti, akanitazama kwa wasiwasi. "Una A ya Baiolojia," alisema. "Wengi wangeililia nafasi hii. Mzazi anajua?"

"Mzazi huyu hapa," mama akajibu kabla yangu.

Mwalimu akafungua fomu yangu kwenye kompyuta, akabadilisha, akatugeuzia kioo.

"Nioneshe," mama akaniambia. Nikamwonesha kwa kidole: P imebaki, C na B zimetoka, G na M zimeingia. Alizitazama moja moja, polepole, midomo ikicheza.

"Yenye maji kupwa na kujaa ndiyo ipi?"

"Hii. G. Jiografia."

"Hino kafunzwa na mie," alimwambia mwalimu.

Mwalimu alinisogezea kipanya nithibitishe. Mama akautoa mkono ndani ya buibui, vidole vimechanikachanika kwa kamba za mwani, akaniuliza pa kubonyeza. Akabonyeza yeye.