Anafura kwa Mama Yake Tu

Leo nimejichoma mwenyewe mbele ya daktari, hapa Siakago.

Mwezi mzima, bwanangu, Baba Wanja, akila kwa mama yake anafura hapa chini ya taya, kama ameficha yai. Akirudi nyumbani, uvimbe umeisha.

Mimi shaka yangu ilikuwa kwa ule mukimo wa mama mkwe, viazi na mahindi ya kupondwa. Si mnanijua.

Kwa hivyo daktari alipouliza, nikamjibu kabla mgonjwa hajafungua mdomo:
"Kwangu hajawahi kufura, daktari. Hata siku moja!"

Daktari akavaa glavu, akampapasa chini ya ulimi, akasema kuna kijiwe kimeziba mfereji wa mate.

"Chakula kikiwa kitamu, mate yanakuja mengi, yanakosa njia, tezi inafura."



Nikamwangalia Baba Wanja. Baba Wanja akaangalia viatu vyake.

"Kumbe kwangu hujawahi kufura?"

"Mama Wanja, si ni wewe umesema?"

Kijiwe kinatolewa Jumatatu.

Sasa nazunguka tu jikoni, nimewasha jiko mbili. Nitumieni mapishi, tafadhali.

Kabla ya Jumatatu, lazima huyu mtu afure kwa meza yangu.