Omena Juu ya Jiwe

Samaki wangu wa baharini, mwenye mdomo mrefu kama sindano, amekataa kula tangu aletwe Kisumu kutoka Pwani. Nimemtilia kila aina ya chakula kwenye tangi lake la maji ya chumvi, anakitazama tu. Leo nimeponda kamba wadogo waliokaushwa, na ile harufu imenirudisha utotoni Dunga, kando ya ziwa, kwenye karai la bluu.

Humo nilimfuga fulu, samaki wa ziwani asiyezidi kidole, naye aligoma hivyo hivyo. Nilimrushia ugali mpaka maji yakachacha.

Mama, aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, alikuja akanisukuma kando.

"Kwani huyu ni kuku, unamrushia? Kwao anakula akikwangua mawe!"

Akaponda omena kwa maji kidogo, akapaka kwenye jiwe, akalizamisha. "Asipokula, jioni anaingia sufuria."

Nilipiga magoti hapo, jua likinichoma kisogo. Niliitwa kula, sikwenda. Fulu alizunguka jiwe, akaliacha, akarudi. Akadonoa.

Sasa jiwe la matumbawe, limepakwa vizuri wale kamba, limetulia ndani ya tangi. Watoto wangu wananiita mezani.

"Anzeni kula," nawajibu, magoti sakafuni. "Mimi na huyu bado."