Wimbo Uliofufuka na Sauti Yangu Ndani

Sitazunguka: ukumbi mzima hapa Songea ulinisikia nikichagua uongo wa kusema, na ulinisikia vizuri, maana maiki yangu ni nzuri.

Mnajua nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Msamala, na wakati nasubiri ajira nikageuza chumba changu kuwa studio (magodoro mawili ukutani, maiki moja, kompyuta ya mtumba). Kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata kwa Mama Gaudensia, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwenyekiti wa kina mama wanaocheza kioda, ngoma ya kwao kule Nyasa. Binti yake Imelda alikuwa anaagwa Jumamosi kabla ya ndoa, nao walitaka wimbo urekodiwe mapema ili siku hiyo wacheze tu, kwa sababu, alisema mwenyewe, "Kuimba na kucheza kwa pamoja, baba, pumzi hiyo tuliimaliza kwenye uzazi." Mwimbishaji wao, bibi mmoja kutoka Lusewa mwenye sauti kali ajabu, alirekodi Jumanne, wao wakimwitikia, nami nikadhani amesharudi shambani kwake. Wimbo ukipotea, umepotea.

Jumatano umeme ukakatika kompyuta ikiwa inahifadhi. Uliporudi nikaulizwa kwenye kioo: diski haisomeki, niifomati? Nikafikiri saa nzima (mimi hata kununua sabuni nasimama dukani mpaka muuzaji ananiletea kiti), nikachoka kufikiri, nikabonyeza ndiyo. Diski ikafunguka vizuri kabisa, tupu kama daftari jipya.

Mtu mwenye akili angezima kila kitu, avuke barabara, amwambie Mama Gaudensia. Mimi nikaamua kwanza nifanye mazoezi ya kumwambia. Nikawasha maiki nikajirekodi, ili nijisikilize kama nasikika mkweli, na rekodi hiyo ikahifadhiwa kwenye diski ileile.

Alhamisi rafiki yangu akanipa programu ya kufufua mafaili, na wimbo ukarudi! Nikasikiliza mwanzo, sawa. Nikasikiliza mwisho, sawa. Nikajiambia, Festo, leo jiamini kama watu wengine, usisikilize mara ya kumi. Sikujua kwamba ukiandika kitu kipya kwenye diski iliyofutwa, kinaweza kukaa juu ya kile cha zamani, na changu kilikuwa kimejinyoosha katikati kabisa ya kioda.

Jumamosi saa kumi jioni kina mama wakaingia ukumbini na magauni meupe, Imelda amekaa mbele, mimi kwenye spika na shati la mahafali. Nikabonyeza. Sauti ya bibi ikapaa, kina mama wakayumba kulia, wakayumba kushoto, watu wakasimama, wengine wakaninyooshea dole gumba. Ubeti wa tatu, pale jina la Imelda linapotajwa, ikatoka sauti yangu:

"Shikamoo mama. Mama, wezi wameingia studio."

Kina mama wakaacha kuyumba. Kisha tena:

"Hapana, wezi hapana, mlango mzima. Shikamoo mama. Mama, ni panya."

Nikabonyeza kuzima, kompyuta ikaganda, ila sauti haikuganda, iliendelea kwa utulivu kama ya mtangazaji: "Mama, tuseme ukweli, hamkuimba vizuri, ndiyo maana diski imekataa."

"Ndugu wageni," mshereheshaji akadakia, "kijana bado anachagua, tumpe muda!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mama Gaudensia hakucheka. Alinijia mikono kiunoni. "We Festo! Hatukuimba vizuri?"

Nikang'oa waya wa spika, nikabaki nao mkononi. "Shikamoo mama," nikasema, sasa kwa mdomo wangu. "Nilifuta wimbo wenu Jumatano. Nikaogopa kusema."

"Marahaba. Bibi alikuwa kwangu anakunywa chai mpaka Ijumaa asubuhi. Ungesema, angeimba tena."

Yeye akanigeuzia mgongo, akaanza wimbo mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, wenzake wakaitikia huku wanacheza, na katikati ya ubeti wa Imelda pumzi zikakatika kweli, mmoja akashika meza. Ikabidi Imelda ainuke kwenye kiti chake cha heshima awaitikie mama zake, akajiaga mwenyewe.

Siku hizi kila kazi naiweka sehemu tatu, na wateja sikosi (wengine wanakuja kumwona tu yule wa panya). Lakini kitu cha mtu kikiharibika mikononi mwangu, napiga simu kwanza, kufikiri baadaye, na mazoezi nimeacha kabisa. Juzi nilimpigia mteja mmoja wa Madaba kumwambia wimbo wake umeharibika, kumbe ulikuwa mzima, ni waya tu wa spika ulikuwa umelegea. Akanisema sana. Nikamshukuru, nikala ugali wangu wote.