Kaka Hakutaka Kaburi

Kaka yangu alirudi kwetu mjini Bunia ndani ya mkebe, na mkebe ulikuwa ndani ya mfuko wa duka la viatu. Aliyemleta ni jirani aliyekuwa amekwenda Ubelgiji kumtembelea binti yake. Alituwekea mfuko mezani, akanywa chai harakaharaka, akaondoka bila kumaliza kikombe. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe sikuweza kukaa chumba kimoja na ule mfuko. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikaenda sokoni kununua chumvi tuliyokuwa nayo, nikarudi, na mfuko bado ulikuwa pale.

Kaka alitoka mjini wakati wa vita, kijana bado, na hakurudi tena. Alipougua huko Ubelgiji aliniambia kwenye simu, kwa ule mzaha wake wa siku zote, kwamba akifa achomwe, na kwamba majivu niyamwage kwenye kiwanja cha mpira cha mtaani kwetu, upande wa kushoto, alikokuwa akiwakimbiza mabeki mpaka wanamtukana. "Musinijengee kaburi," alisema. "Makaburi ndiyo yametumaliza kule kwetu."

Hapo hakuwa akitania. Kwetu mkoani Ituri hakuna karatasi ya shamba inayoshinda kaburi. Mkigombea ardhi, utaulizwa babu yako amelala wapi. Ukionyesha, shamba ni lako. Ukishindwa, wewe ni mpita njia. Watu wameshtakiana, kisha wameuana, kwa ajili ya mirundo ya mawe iliyoota nyasi.

Mama hakutaka kusikia hayo. Tangu habari ya msiba ifike alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, na alisema matanga hayaondoki wala yeye hainuki mpaka mtoto wake awekwe ardhini nyuma ya nyumba, kwa saruji na msalaba.

"Watu watasema hakuwa wa hapa," aliniambia. "Maji yakimwagika hayazoleki. Ukimumwanga, mimi nitaonyesha nini?"

Nilikasirika. Alikuwa na haki, na mimi hukasirika zaidi ninapogombana na mtu mwenye haki. Kwa majuma tulizunguka palepale, yeye akidai kaburi, mimi nikirudia maneno ya simu, na majirani wakiuliza matanga gani haya yasiyo na mwisho. Usingizi ulinikimbia. Asubuhi moja nilichukua mkebe nikatoka, bila kumuaga.

Ilikuwa amani ile yetu ya Bunia. Maduka yamefunguliwa, wanafunzi wako barabarani, lakini kila nyumba ina begi lililofungwa karibu na mlango, na tairi la lori likipasuka soko zima linakimbia. Kiwanja chenyewe kilikuwa kimejaa watu waliokimbia mauaji vijijini Djugu. Nilipita hapo kila siku, niliyajua yale maturubai meupe yaliyobanana kutoka goli hadi goli. Hata hivyo, kichwani mwangu kiwanja kilikuwa bado kitupu, na kaka bado ana nafasi ya kukimbia.

Nikasimama katikati ya maturubai mawili, upande wa kushoto, nikafungua mkebe. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisugua sufuria akanitazama.

"Dada, mule iko nini?"

"Majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya kaka yangu."

Akapiga kelele. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wale walikuwa wameumwa zaidi ya mara moja. Watu wakatoka kila upande. Nilidhani wataniita mchawi, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lakini yule mwanamke alikuwa na hofu nyingine.

"Weye unataka kupanda kaburi hapa," alisema. "Leo unamwanga kaka, kesho unaleta mawe, kisha unaleta polisi: hii udongo ni ya kwetu, mutoke! Siye tulishafukuzwa ivyo kule kwetu Fataki. Tena hapa?"

"Kaka mwenyewe alikataa kaburi," nilisema.

"Nani anakatala kaburi?"

Wengine wakacheka, kicheko kisicho cha furaha. Mtu akanikamata mkono, mwingine akashika mkebe. Niliogopa sana. Niliogopa kupigwa, na niliogopa zaidi kaka asije akakanyagwa na watu waliokasirika.

Sijui ni nani aliyekimbia nyumbani kwetu kumwita mama. Nilichoona ni watu wakipisha, na mama yangu, aliyekuwa ameapa hainuki, anakuja kwa miguu mitupu, kitenge kimemlegea kiunoni.

"Huyu ni mutoto yangu," alisema huku akihema. "Na mule mu mukebe ni mutoto yangu pia. Mumuachilie huyu mwenye kupumua."

Mkono wangu ukaachiliwa, na mkebe pia. Yule mwanamke akasema, kwa heshima lakini bila kulegeza, "Pole, mama. Lakini kaburi hapana."

Mama aliuchukua mkebe, akautazama. Nilijua alichokuwa akikipima: bila kaburi hatakuwa na cha kuonyesha.

"Hakuna kaburi," alisema mwishowe. "Hakuna musalaba, hakuna jiwe. Mutaona na macho yenu. Na mutu wa kwetu akisema kesho hii udongo ni yake kwa sababu ya huyu, muniite, nitamukatala mbele ya shefu wa mutaa."

Akanigeukia. "Alikuwa anakimbilia wapi?"

Nikamwonyesha. Akaingiza mkono ndani ya mkebe, akaanza kutupa kama anayepanda ulezi, akipita taratibu kati ya maturubai na watu wakimfuata kuhakikisha. Majivu yaliangukia kamba, majiko, mtaro wa maji machafu. Yule mwanamke alisogeza sufuria zake kumpa njia. Kisha akakaa chini ghafla.

"Wa kwangu," alisema, "hata kumumwanga sikumumwanga. Nilimuacha amekufa mu mulango, nikakimbia."

Mama akaweka mkebe chini, akaketi karibu naye, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu ule mfuko ufike. Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka nguzo za goli nikilia peke yangu, nikiwa na hasira kwa kaka aliyetuachia kazi ngumu hivi kwa maneno ya mzaha.

Jioni ile mama alikunja mkeka, akawasha moto, akapika. Lakini siku akimkumbuka mwanawe hana pa kusimama. Basi hutembea kiwanja chote, kutoka goli hadi goli, akiinama chini ya kamba za nguo za watu, na akiulizwa anatafuta nini, husema anapita tu.